Nilivyohamisha picha zangu kutoka Windows kwenda Linux, lebo na nyota zikiwa salama

Kila niliyemwambia naachana na Windows alinipa ushauri, na karibu wote ulihusu mfumo gani ni bora. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza picha zangu zimepangwaje, na kazi nzima ilikuwa hapo. Kusakinisha Linux yenyewe siielezi. Unachoma faili kwenye fleshi, unafuata maswali, unakunywa chai, basi.

Sababu ya kuhama ni ya kawaida. Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yangu, ingawa bado ina nguvu, haina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11. Ujanja wa kuliruka sharti hilo upo, lakini sikutaka mashine ya kubembeleza kila inapokuja sasisho.

Mjuaji wa kwanza akasema nunua Mac, mambo ya picha yana wenyewe. Nikamuuliza kama anaikumbuka Aperture, programu ya picha ya Apple. Apple walitangaza mwaka 2014 kwamba hawataiendeleza tena, na kuanzia macOS Catalina ya 2019 haifunguki kabisa. Google nao waliachana na Picasa mwaka 2016. Programu ya picha inaweza kufa na picha zikabaki, kwa hiyo mtu ajipange mapema, awe kwenye mfumo wowote ule.

Mjuaji wa pili, aliyejua kwamba picha zangu nazipanga na kuzihariri kwa programu ya Lightroom, ndiye aliyenikera. "Weka Wine tu, Lightroom yako itafanya kazi kama ilivyokuwa." Wine kweli huendesha programu nyingi za Windows ndani ya Linux, na siidharau. Lakini "tu" ile ilinila wikendi nzima. Kisakinishi kikafunguka dirisha jeupe, halina neno wala kitufe. Nikaambiwa niongeze maktaba fulani; nikaongeza, dirisha likawa jeusi. Nikaambiwa nibadilishe toleo, likarudi jeupe. Nikampigia mshauri wangu, akanijibu kwa utulivu wa ajabu kwamba yeye mwenyewe hajawahi kujaribu, alisikia kwa mtu. Na programu haina kosa, maana haikuandikwa kwa ajili ya Linux. Mwenye kosa ni anayegawa ushauri wa kusikia.

Usiku huo nikaacha kuuliza nitaiendeshaje Lightroom, nikajiuliza Lightroom inajua nini ambacho picha zenyewe hazikijui. Katalogi yake ni kama daftari la mwenye duka: bidhaa ziko kwenye rafu, ila majina na mpangilio viko daftarini. Ukihamisha rafu ukaliacha daftari, umehamisha mzigo usio na majina. Miaka yangu yote ya kuweka lebo (maneno ya kutafutia picha), nyota (alama za ubora) na maelezo ilikuwa daftarini.

Dawa ipo ndani ya Lightroom yenyewe, na wengi hawaigusi. Chagua picha zote, bonyeza Ctrl na S, nayo inaandika taarifa hizo nje ya katalogi. Kwa JPEG na DNG zinaingia ndani ya faili. Kwa picha ghafi za kamera inaundwa faili ndogo ya XMP pembeni, yenye jina lilelile. Zinazoandikwa ni lebo, nyota, maelezo ya picha, hata vipimo vya uhariri.

Kinachobaki nyuma ni mikusanyo. Ile migawanyo ya "harusi", "za kuchapisha", "za mama" haiandikwi kwenye XMP hata ukibonyeza mpaka kidole kiume. Basi hapa najisifu kidogo. Nilifungua mkusanyo mmoja mmoja, nikachagua picha zote zilizomo, nikazipa lebo mpya yenye jina la mkusanyo wenyewe, ikianza na "mk-". Halafu ndipo nikabonyeza Ctrl na S. Mikusanyo yote ikageuka lebo, na lebo zinasafiri! Yule wa Wine nilipomwonyesha alisema ni jambo dogo. Sawa, lakini hakulifikiria.

Uhariri ni habari nyingine. darktable, programu ya kuhariri picha niliyohamia, husoma baadhi ya vipimo vya Lightroom, kama vile ukataji na mwanga, lakini picha haitoki sawasawa, na usitegemee itoke. Picha zilizokamilika nilizitoa kama TIFF kabla ya kuhama, nyingine nikaziacha nizihariri upya siku nikizihitaji. Nyingi sijazihitaji. Diski ya nje ikajaa, ikabidi kununua kubwa zaidi, na hiyo ndiyo ilikuwa gharama pekee ya maana.

Upande wa Linux, kabla ya kufungua programu yoyote ya picha, nilikagua kwa exiftool, programu ya kusoma taarifa zilizomo kwenye picha:

exiftool -r -Subject -Rating Picha

Lebo zikaanza kuporomoka kwenye skrini, "mk-harusi", "mk-mama", nami nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa kupanga nafanyia digiKam, kuhariri darktable. digiKam nayo ina hifadhidata yake, kwa hiyo kabla ya lolote ingia kwenye mipangilio uiambie iandike pia kwenye faili za XMP, la sivyo umehama daftari moja kwenda jingine. darktable inachosha mwanzoni: moduli ni nyingi, na picha ghafi hufunguka ikiwa imepooza kuliko ulivyozoea. Nilipunguza moduli zinazoonekana nikabaki na chache, mambo yakatulia. Angalia pia majina: Linux huona IMG_0412.JPG na img_0412.jpg kuwa faili mbili tofauti, jambo ambalo Windows kwa kawaida haijali.

Diski ya zamani ya Windows sijaifuta. Nimeichomoa na kuiweka kwenye droo mpaka nimalize kuchapisha albamu moja nzima kwa vifaa hivi vipya. Folda nazipitia kwa mpangilio wa herufi, niko kwenye herufi ya nne, na hadi sasa sijairudia hata kwa picha moja.