Kumbe ua lina ndevu

Leo na darasa la pili, hapa Mtwara mjini, tumepasua waridi la jangwani. Lile la kwenye ndoo mbovu nje ya ofisi.

Utomvu wake ni sumu, watu waliupaka kwenye mishale, kwa hiyo wembe nimeshika mimi tu. Wao macho.

Sepali, vile vijani vidogo vya chini ya ua, 5. Petali, zile zenye rangi, 5, zimeungana kama tarumbeta. Wakahesabu kwa kelele.

Nikachana hadi ndani. Stameni, sehemu za kiume za ua, zimeegemeana kama paa la msonge, kila moja na mkia mrefu wenye manyoya.

Binti mmoja, yule asiyesemaga kitu, akainama pua karibu iguse karatasi.

“Mwalimu, kumbe ua lina ndevu!”

Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka.

Walimu wenzangu, nyie mnapasua ua gani? La mkorosho nilijaribu, dogo mno.