Sanamu ya Askari, Posta: anza kutazama chini

Sanamu ya Askari iko Dar es Salaam, katikati ya kipilefti cha Samora, pale inapokutana na Maktaba na Azikiwe. Ukija na basi la mwendokasi, shuka Posta ya Zamani, kisha panda Azikiwe ukiiacha bahari mgongoni. Dakika chache tu unamwona yule mwanajeshi wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini.

Wengi humpiga picha wakaondoka. Mambo mazito yako kwenye kitako. Maandishi ya pale, kwa Kiingereza, Kiswahili na herufi za Kiarabu, hayawataji wapiganaji peke yao. Yanawataja pia wapagazi, na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Si maneno ya kupamba. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza walipopigana na Wajerumani huku, mbung'o waliwaua farasi na punda, na barabara za magari zilikuwa chache mno. Kwa hiyo risasi, unga na dawa vilikwenda kichwani mwa mtu, mamia ya maili. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Tunalitamka kila siku tukienda sokoni, na inauma kwamba ni wachache wanaolihusisha na watu hao.

Usiache pia kuangalia nani hayumo. Sanamu hii ilizinduliwa na Waingereza mwaka 1927, kwa ajili ya watu wa upande wao. Maaskari Waafrika waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, wengi wao wenyeji wa nchi hiihii, hawakuwekwa.

Kabla yake Dar es Salaam ilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani: yeye juu, askari Mwafrika chini miguuni pake akimtazama. Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha miaka ya 1960. Ukijua hilo, kumwona askari amesimama juu peke yake kuna uzito mwingine.

Kwa picha, nenda asubuhi. Amegeukia upande wa bahari, hivyo jua la asubuhi humpiga usoni. Jioni jua huwa nyuma yake, na shaba ile nyeusi inatoka kama kivuli kitupu. Jumapili ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu siku za kazi magari hayakupi nafasi ya kuvuka ukasome kitako kwa utulivu.

Ukifika Nairobi, pita Kenyatta Avenue uone kazi nyingine ya mchongaji yuleyule, James Alexander Stevenson, ya mwaka 1928. Kule watu ni watatu, na mpagazi amesimama juu, bega kwa bega na wanajeshi.