Irabu nimezitoa

Leo asubuhi mama mmoja wa masjala alinipigia simu kutoka tawi la mkoani. Alikuwa anatafuta faili iliyoskaniwa, akanisomea msimbo wake: "Tano, kei, i, saba, o, mbili." Nikauandika, mfumo ukakataa.

"Mama, hiyo ni I ya Iringa au E ya embe?"

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mimi nasoma kama nilivyofundishwa shule."

Ana haki. Kwa Kiingereza E huitwa "i", na I huitwa "ai", nasi tunachanganya lugha zote mbili ndani ya msimbo mmoja. Ile "o" nayo ilikuwa sifuri. Robo saa imekwenda, na mwananchi amesimama dirishani kwake anasubiri.

Programu inayotunga misimbo hiyo na kuzipa faili kama majina niliiandika mimi, na sikumfikiria kabisa mtu wa kuusoma msimbo kwa sauti. Imeniuma.

Mchana nilichukua karatasi nikaanza kukata alama zisizofaa kwenye misimbo. Herufi ndogo zimetoka kwanza: seva yetu ya Linux inaona kB na KB ni faili mbili, lakini ukizinakili kwenye kompyuta ya Windows, moja inaweza kuifuta nyingine. Mkwaju (/) na alama ya kuuliza Windows haizipokei kabisa kwenye jina la faili.

Halafu irabu, zote tano. E ina balaa lake la pili: bandika 1204E3 kwenye Excel uone inavyogeuka 1.20E+06. Tena bila irabu, mashine haiwezi kubahatisha tusi kwenye faili ya mtu. Douglas Crockford, mwandishi wa programu wa Marekani, katika mfumo wake wa kuandika misimbo kwa alama 32, aliondoa I, L, O na U. Hiyo U aliitoa kwa sababu ya matusi. Kwa masikio ya Kiswahili naona hazitoshi, A na E lazima ziende pia.

L nimeitoa kwa kuwa ikiandikwa ndogo inafanana na 1. N inasikika kama M, P kama B, basi N na P nazo nimezitoa. Zimebaki herufi 18 na tarakimu 10. Kwa nafasi sita napata misimbo zaidi ya milioni 481.

Jioni nikampigia yule mama, nikamwomba anisomee misimbo kumi ya majaribio. Tisa nimeipata sawasawa. Wa kumi alisema D, mimi nikaandika T.

Kesho naitoa D.