Nimerudi Temeke, nimekuta watoto wanachechemea

Niko Bongo wiki ya tatu sasa baada ya miaka 11 Muscat. Niliondoka barabara ya Morogoro imechimbuliwa kwa ajili ya mwendokasi, nimerudi watu washachoka kuisifia na sasa wanailalamikia, basi tuyaache hayo maana kila anayerudi anaongelea barabara tu.

Mi nataka kuongelea dojo letu la Goju-ryu, yaani ukumbi wetu wa karate ya mtindo wa Okinawa, Japani. Sensei, mwalimu wetu, alifariki 2019, mi niko zamu, ruhusa sikupata, nikatuma rambirambi kupitia kwa shemeji nikaenda kulia chooni kambini. Sasa Jumamosi ya kwanza nikabeba gi mpya, sare ya karate, na mkanda wangu mweusi nikaenda, na kwa kweli moyoni nilikuwa najiambia nitakuta pamekufa halafu mi ndo nipafufue. Ujinga wangu.

Nikamkuta dogo. Huyu dogo hakuwa na ada, Sensei akamwambia basi we njoo mapema ufagie ukumbi, sisi wakubwa tukawa tunamtuma maji na kumfanya gunia la mazoezi. Siku hizi asubuhi anaendesha boda, jioni ana watoto kama 30 mle mle kwenye ukumbi wa shule. Chi ishi za kunyanyua kukaza mikono ni zile zile za Sensei, mpini wa jembe umesimikwa kwenye kopo la rangi lililojaa zege, na mitungi ya kukazia vidole bado inajazwa mchanga.

Wakaanza Sanchin, ule mfululizo wa hatua, ngumi na pumzi, pumzi zinaunguruma ukumbi mzima, nikasisimka. Halafu nikaona kitu. Sensei aliumia goti la kulia zamani sana, kwa hiyo hatua yake ya kwanza ilikuwa fupi na ya kuburuta kidogo, na Sanchin inaanza na mguu wa kulia. Wale watoto wote, hata wa miaka minane ambao Sensei hawajawahi kumuona akisimamisha darasa, wanaburuta mguu wa kulia!

Nikamvuta dogo pembeni. "Dogo, hawa watoto wanachechemea."

"Najua sempai, mkubwa wangu. Nimewaambia kwa mdomo mpaka nimechoka, ila wao wanafuata mwili, na mwili wangu ndo huu."

Nilitaka kubisha nikakosa pa kuanzia. Maana hata huko Okinawa hiyo Sanchin haikubaki vile vile, ya mwalimu Kanryo Higaonna ilikuwa na kugeuka, Chojun Miyagi mwanafunzi wake, ndiye mwanzilishi wa Goju-ryu, akatunga nyingine isiyo na kugeuka, unakwenda mbele unarudi kinyumenyume. Na yule ambaye Miyagi alimtegemea amrithi, Jin'an Shinzato, alikufa kwenye vita vya 1945, Miyagi mwenyewe akafariki 1953, wakabaki wanafunzi wake kina Miyazato, Yagi na Toguchi kila mtu na dojo lake, kila mtu na alichokibeba mwilini. Hayo yote nilishayasoma kule kambini usiku kwenye simu, nikajiona mjuzi kweli, wakati aliyekuwa na funguo za ukumbi ni mtu mwingine. Na ndiye aliyemuogesha Sensei miezi ya mwisho, hilo nimeambiwa na mjane, dogo mwenyewe hajalitaja hata mara moja.

Akaniambia nisimame mstari wa mbele kwa heshima ya mkanda. Nikasema hapana, wa nyuma unanitosha, nikajipachika katikati ya watoto wawili wa mkanda mweupe. Akahesabu, ichi. Tukaenda.

Tulipomaliza yule mtoto wa kulia kwangu, pengo mbele, jasho linamtiririka, akaniangalia kwa huruma kabisa.

"Anko, na we goti linakuuma?"

Nikamwambia haliumi. Halijawahi kuuma.