Mabonge ya uji na graviti ya Milgrom

Juzi nakoroga uji huku akili yote iko kwenye galaksi, nikaona kumbe kitu kilichonisumbua wiki nzima kiko pale pale sufuriani. Swali lenyewe ni hili, ukikataa maada giza, ile maada isiyoonekana inayosemekana kuongeza mvuto kwenye galaksi, ukasema tatizo ni graviti hatujaielewa, je hizo galaksi zilijikusanyaje?

Maana wengi wetu tunaishia kwenye mzunguko wa galaksi tu. 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford wanapima galaksi ya Andromeda, gesi ya huko pembeni haipunguzi mwendo kama ilivyotegemewa, halafu 1983 mwanafizikia Mordehai Milgrom anasema basi, mvuto ukishakuwa hafifu sana, chini ya kama 1.2 × 10⁻¹⁰ m/s², sheria ya Newton inabadilika. Namba moja tu na galaksi kibao zinaitii! Mi niliipenda hii kitu bana, siwezi kudanganya.

Sasa turudi kwenye uji. Ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000 ulikuwa laini ajabu, tofauti ya sehemu na sehemu ni kama 1 kwa 100,000, tunaiona kwenye ile nuru ya kale ya maikrowevu. Kabla ya hapo mwanga ndo ulikuwa mwiko wa kukorogea, maada ya kawaida ikitaka kufanya bonge mwanga unalivunja. Mwiko ulipoacha, kwa graviti ya Einstein mabonge yanakua kadiri ulimwengu unavyotanuka, na tangu hapo umetanuka kama mara 1,100, haya piga hesabu mwenyewe, unapata kama 1 kwa 100. Asilimia moja! Hiyo haijawa galaksi, bado ni uji mlaini kabisa. Maada giza inaokoa kwa vile mwiko hauigusi, ilishaanza mabonge mapema na maada ya kawaida ikaja kudondokea humo.

Graviti ya Milgrom nayo ina jibu, inavuta zaidi pale pa hafifu kwahiyo mabonge yanakua fasta, mpaka shida inageuka, yanaweza kuzidi. Ndo maana darubini ya anga ya Webb ilipoanza kuonyesha galaksi kubwa zilizowahi mno, mwanaastronomia Stacy McGaugh na wenzake 2024 wakasema, si ndo tulivyotegemea? Sawa, ila grafu ya ile nuru ya kale, inayoonyesha zile tofauti zilivyo kwa kila ukubwa wa kipande cha anga, ina kilele cha tatu kirefu kiasi kwamba maada ya kawaida peke yake haikifikii. Wanafizikia Skordis na Złośnik walikifikia, 2021, kwa graviti ya aina ya Milgrom, na nadharia yao inapona hata kwenye tukio la 17 Agosti 2017, pale mawimbi ya graviti na miale ya gama yaliposafiri miaka nuru kama milioni 130 yakafika yamepishana sekunde 1.7 tu, nadharia nyingi za graviti zilizosema mwendo wao utofautiane zilizikwa siku ile. Lakini angalia walivyofanya: wameongeza uga mpya, yaani kitu kilichoenea anga lote kama uga wa sumaku, ambao enzi zile unatenda kama vumbi lisiloonekana, na mwanga haulisumbui.

Yaani mwiko hauligusi. Ebo, si ndo yule yule maada giza tuliyemfukuza mlangoni? Nikacheka peke yangu jikoni, uji ukaungua chini.