Kuosha Ndege Ndogo Inayolala Pwani

Ndege ndogo inayolala nje katika kiwanja cha Ukunda, karibu na ufuo wa Diani, hushika chunyu hata kama haijaruka kwa wiki nzima. Upepo wa kusi huokota chembe za maji pale mawimbi yanapopasukia mwambani na kuzileta hadi kiwanjani. Usiku umande huziyeyusha na kuzipenyeza katika kila kiungo cha bati, na jua likishapanda maji hukauka, chumvi ikabaki. Ukipitisha kiganja juu ya bawa alfajiri utahisi linanata kidogo, na ukirudia adhuhuri utahisi punjepunje. Sisi tunaomiliki kwa pamoja Cessna 182 inayolala hapo tunahesabu kuosha kuwa sehemu ya matengenezo, sawa na kubadilisha mafuta ya injini, na mng'ao, ambao wageni huusifu kwanza, ni jambo linalokuja mwisho kabisa.

Sababu iko katika bati lenyewe. Ndege za aina hii huundwa kwa aloi ya alumini yenye shaba ndani yake. Shaba huipa nguvu, lakini pia huifanya iliwe upesi na kutu, na ndiyo maana mabati hayo hufunikwa kiwandani, pande zote mbili, kwa tabaka la alumini safi. Kwa bati lenye unene wa milimita 0.8, tabaka hilo huwa takriban asilimia 5 ya unene kila upande, yaani kama milimita 0.04. Hiyo ndiyo kinga iliyo chini ya rangi. Kwa hiyo siafiki hata kidogo mtindo wa kusugua bati kwa mashine na dawa ya kung'arisha kila mara ili ndege ipendeze kwenye picha, kwa sababu kila msuguo huondoa kiasi cha tabaka ambalo halirudi tena. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ni mbaya zaidi: vipande vyake hunasa kwenye alumini, na metali mbili tofauti zikikutana penye chumvi na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa.

Mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, kuhusu kudhibiti kutu umegawa maeneo kwa ukali wa mazingira yake: penye hali nafuu ndege ioshwe kila baada ya siku 90, penye hali ya wastani kila baada ya siku 45, na penye hali kali kila baada ya siku 15. Pwani yetu, yenye joto, unyevu na chumvi kwa pamoja, naiweka katika kundi la mwisho bila kusita. Jambo ambalo mtu wa bara anaweza asilifikirie ni maji yenyewe. Visima vingi huku vina maji ya chumvichumvi, na kuisuuza ndege kwa maji hayo ni kuondoa chunyu ya bahari na kuacha chunyu ya kisima. Sisi tunategemea maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye tangi, na yakiisha tunanunua maji yasiyo na chumvi na kuyaonja kwanza.

Tunaosha asubuhi, bati likiwa bado na ubaridi, kwani sabuni ikikaukia juu ya bati la moto huacha mabaka. Sabuni iwe laini, isiyo na mchanga wala magadi, na maji yatoke kwenye mpira wa kawaida. Mashine ya kuoshea magari kwa shinikizo hairuhusiwi karibu na ndege yetu, kwa sababu husukuma maji ndani ya bearingi za magurudumu, hung'oa grisi kwenye bawaba, na huweza kupenyeza maji kwenye viungo visivyoweza kukauka.

Sehemu inayonichukua muda mrefu kuliko zote ni tumbo la ndege, ambalo ukisimama wima hulioni. Nyuma ya bomba la moshi kuna mkanda wa masizi ya kijivu yanayotokana na metali ya risasi iliyomo katika petroli ya ndege, na masizi hayo yakipata unyevu hugeuka kuwa tindikali inayokula rangi na kisha bati. Juu ya masizi hayo kuna utando wa mafuta unaotoka kwenye kipumulio cha injini, na juu ya mafuta hunata vumbi jekundu la viwanja vya murram vya Mara. Sabuni peke yake haifui dafu hapo. Mtu analala chali, anapaka kiyeyushio hafifu kilichokubaliwa kwa ndege kwa kitambaa kilicholowa kidogo, anasubiri kidogo, kisha anafuta kuelekea mkiani. Wakati huohuo anapitisha kijiti cha plastiki katika vitundu vya kutolea maji, kwa sababu kitundu kilichoziba hufanya maji ya mvua na ya kuoshea yakae ndani ya ndege, mahali ambapo kutu huweza kula kwa miezi bila kuonekana.

Kabla ya tone la kwanza la maji, mrija unaopima mwendo na matundu ya ubavuni yanayopima kanieneo ya hewa lazima yafunikwe, na hapa sivumilii uzembe wa aina yoyote. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima usiku baada ya kuoshwa, huku matundu hayo yakiwa bado yamezibwa kwa utepe wa gundi. Vipimo vya mwendo na kimo vikawadanganya marubani gizani, ndege ikaangukia baharini, na watu wote 70 waliokuwamo wakafa. Sisi hutumia vifuniko vyekundu vyenye riboni ndefu; aliyeviweka ndiye anayevitoa, na mtu wa pili huja kuyatazama matundu kwa macho yake, nta nayo haipakwi karibu nayo. Kifuniko cha mrija hurudishwa ndege ikimaliza kukauka, kwa ajili ya nyigu wanaojenga kwa udongo. Katika ajali ya ndege ya Birgenair iliyoondoka Puerto Plata tarehe 6 Februari 1996, ambamo watu 189 walikufa, wachunguzi walishuku kuwa mrija mmoja ulizibwa na nyigu wa aina hiyo.

Kioo cha mbele kinaitwa kioo, lakini ni plastiki ya akriliki, na kinadai adabu yake. Dawa ya kusafishia vioo vya nyumbani, spiriti, petroli na asetoni zote hukishambulia, na nyufa nyembamba kama nywele hutokea ambazo rubani huziona anapolielekea jua la jioni akitua. Kwanza tunakimwagia maji mengi, kisha mtu aliyevua pete na saa anapitisha kiganja kitupu ili kuhisi mchanga uliobaki, na ndipo tunafuta kwa kitambaa laini cha pamba, kwa mwendo wa juu na chini, bila kuzungusha. Turubai lisilo na bitana laini silipendi juu ya kioo hicho, kwani upepo ukilitikisa na mchanga ukiwa chini yake hukikwaruza usiku kucha.

Faida kubwa ya kazi hii yote ni kwamba jicho linapita kila shibiri ya ndege. Unga mweupe kuzunguka kichwa cha ribiti ni kutu ya alumini. Rangi iliyotutumka inaficha jambo chini yake, na vimistari vinavyojipinda chini ya rangi mithili ya njia ya mnyoo ni kutu inayotambaa. Tukiona lolote kati ya hayo tunalipiga picha, tunalizungushia alama ya chaki na kumwita fundi mwenye leseni. Wala hatujipakii rangi wenyewe kwenye vipande vinavyocheza nyuma ya mabawa na mkiani, kwa kuwa uzito wa rangi mpya huweza kuharibu mizani yake na kuleta mtikisiko hatari angani.

Nta tunaipaka bati likiwa kavu kabisa, nayo huwekwa kwa uangalifu zaidi kwenye kingo za mbele za mabawa, ambako wadudu hugonga na kukauka. Propela hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na kidole hupitishwa ukingoni kutafuta pengo lililochongwa na changarawe. Baada ya hapo bawaba hutiwa kilainishi kinachotajwa katika kitabu cha ndege, breki hujaribiwa, na kama hali ya hewa inaruhusu tunairusha mzunguko mmoja ili upepo ukaushe pale ambapo kitambaa hakifiki.