Mkweche wa mwaka 1962

"Mpwa wangu, hebu nieleweshe. Na mimi nimezaliwa 62 hiyohiyo, mbona hakuna mtu anayeulizia bei yangu?"

Hiyo ni sauti ya mjomba, dereva wa lori mstaafu, kutoka Ngamiani, Tanga. Nilikuwa nimemtumia picha ya gari lililoletwa gereji kwetu Jumatatu, na kwa ujinga wangu nikamwambia na bei ambayo mwenyewe amelikatia bima. Nyumbani gari la miaka 60 ni mkweche. Kuku wanatagia humo, watoto wanacheza udereva, siku moja anapita mtu wa vyuma chakavu na mizani yake, biashara imekwisha. Hapa Michigan, Marekani, nimelipwa mshahara miaka saba sasa kwa kuigusa mikweche hiyohiyo kwa kitambaa laini.

Gari lenyewe ni Lincoln Continental la 1962, rangi ya maziwa, paa la turubai, milango minne. Hiyo milango ndiyo kila kitu. Wa mbele unafunguka kama milango yote. Wa nyuma bawaba zake ziko nyuma, kwa hiyo miwili ya upande mmoja inafunguka kama kabati la nguo, vishikio viwili vikiwa jirani katikati. Wapenzi wa magari wanaiita milango ya kujiua, maana zamani, kwenye magari mengine, mlango wa namna hiyo ukifunguka njiani upepo unaudaka na kuung'oa, na abiria naye hajui kilichompata. Kwenye hili waliweka taa ndogo kwenye dashibodi ya kukushtua kama mlango haujakaa sawa.

Nilidhani ni mbwembwe tu. Bosi wangu, mzee aliyekulia kwenye kazi hii, akanieleza: walipokuwa wakijaribu umbo la gari, mafundi wa Ford, kampuni mama ya Lincoln, walipotaka kutoka kiti cha nyuma walikuwa wakijigonga miguu kwenye mlango. Gari lilikuwa limefupishwa, nafasi haitoshi. Wakageuza bawaba. Basi. Kitu ambacho leo watu wanakilipia fedha nyingi kilianza kwa mtu kuumia ugoko.

Na lilifupishwa kwa sababu lile lililotangulia lilikuwa aibu. Continental la 1958 lilikuwa na urefu wa karibu mita 5.8, zito, limejaa mikunjo na nikeli, na kampuni ikapata hasara juu ya hasara. Robert McNamara, mmoja wa wakubwa wa Ford, mtu wa mahesabu, alikuwa tayari kuifuta Lincoln isiwepo kabisa. Wakati huohuo mchoraji mmoja, Elwood Engel, alikuwa chini kwenye karakana ya ubunifu akifinyanga kwa udongo gari la milango miwili, ambalo lilitarajiwa kuwa Thunderbird ya 1961. McNamara akalipita, akasimama, akauliza kama linaweza kurefushwa kidogo likae milango minne. Likawezekana. Ubavu umenyooka kama umepigwa rula, nikeli mstari mmoja tu juu, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Urefu mita 5.4. Kwa Wamarekani wa wakati ule hiyo ilikuwa gari ndogo!

Novemba 1960 McNamara akawa rais wa Ford. Hakumaliza miezi miwili, John Kennedy akamchukua kuwa waziri wa ulinzi, na mengine ya Vietnam mnayajua. Lakini kuna kipande ambacho bosi wangu hakukijua, nikampa mimi. Mtu huyohuyo baadaye aliongoza Benki ya Dunia, kuanzia 1968 hadi 1981, na Septemba 1973 alisimama Nairobi, kwenye jumba la mikutano la KICC lililokuwa bado linanukia rangi, akahutubia kuhusu umaskini uliokithiri na wakulima wadogo wa vijijini. Bosi akaweka spana chini. "Yule wa Lincoln?" Ndiye yule yule. Mjomba naye nilipomweleza akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe waliotukopesha ndio waliounda hilo dude."

Nirudi kwenye dude. Mwaka 1961 la kawaida liliuzwa dola 6,067 na la turubai dola 6,713. Yalitengenezwa Wixom, mji ulio kaskazini magharibi ya Detroit, kwenye kiwanda kilichofunguliwa 1957 na kufungwa 2007. Kila injini iliendeshwa kwenye mashine ya majaribio kabla ya kufungwa kwenye gari, na kila gari lilitolewa barabarani kwa maili kadhaa kabla ya kwenda kwa muuzaji. Kampuni ikatoa dhamana ya miezi 24 au maili 24,000, jambo ambalo wanunuzi wa Marekani hawakuwa wamelizoea. Injini ni V8 ya lita 7. Ukiwasha haitoi kelele, unasikia tu gari zima limevuta pumzi. Mafuta? Usiulize.

Sasa, thamani. Mwaka 1962 ya turubai yalitoka 3,212 tu. Ya 1961 yalikuwa 2,857. Sedani za paa la bati zilikuwa mara nane tisa ya hapo. Tena tangu miaka ya mwanzo ya 1950 hakuna kiwanda cha Marekani kilichokuwa kikiuza gari la turubai lenye milango minne, na Lincoln walipoacha baada ya 1967, kwa miaka mingi hakuna aliyerithi. Ndiyo maana la turubai likiwa zuri linakwenda makumi ya maelfu ya dola, na yale yaliyotiwa mkono hasa yanavuka laki moja. Sedani ya mwaka uleule, injini ileile, milango ileile, unaweza kuipata kwa theluthi ya fedha hizo. Wenzangu wa gereji hawanielewi, lakini ningekuwa na fedha ningechukua sedani nikalala usingizi wangu.

Kwa nini? Kwa sababu ya paa. Ukibonyeza swichi, mfuniko wa buti unainuka kwanza, unafungukia nyuma tofauti na mabuti yote uliyoyaona. Paa linajing'oa, linajikunja, linazama humo, kisha mfuniko unarudi kama hakuna kilichotokea. Buti limejaa, mizigo yako shauri yako. Kazi hiyo inafanywa na mota, pampu za haidroliki, rilei na swichi ndogondogo zilizofichwa, na kila moja inangoja aliyeitangulia amalize. Mmoja akinuna, msafara wote unasimama. Mwaka wangu wa kwanza nilimwonyesha mteja paa la gari lake, nikabonyeza kwa madaha, likafika nusu likagoma. Mfuniko umesimama wima kama mdomo wa kiboko, paa liko angani, na nje wingu limejifunga. Gari lilikuwa uwanjani. Tuliokoa viti vya ngozi kwa plastiki ya kupigia rangi, mimi nimelala juu yake nisiache upepo uichukue. Kesho yake nilimpata mhalifu, swichi ndogo kuliko kibiriti, mguso wake umepata ukoga. Nilimsugua kwa msasa laini, dakika tatu, paa likapita kama bwana harusi.

Kinachoua magari haya hasa ni chumvi. Majira ya baridi wanaimwaga barabarani kuyeyusha barafu, na ajabu ni kwamba chini ya Detroit yenyewe kuna mgodi wa chumvi, mita zaidi ya 300 kwenda chini. Mji uliounda magari umekalia kinachoyala. Continental la miaka hiyo halina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo uti wa mgongo, kwa hiyo kutu ikiingia sakafuni na chini ya milango hutengenezi urembo, unatengeneza mifupa. Bosi akinituma kukagua gari la kununua nabeba sumaku iliyofungwa kitambaa. Napitisha polepole juu ya rangi. Inaponata, ni bati. Inapoteleza na kuanguka mkononi, hapo kuna pati ya kuzibia matundu iliyopakwa na kung'arishwa, na mwuzaji anaanza kunieleza habari za hali ya hewa. Halafu nasoma namba ya gari: tarakimu ya kwanza ni ya mwaka, 1 kwa 1961, 2 kwa 1962, Y ni Wixom, 82 ni sedani, 86 ni la turubai. Makaratasi ya mmiliki wa kwanza yakiwepo, bei inapanda kabla hujawasha injini.

Na kuna lile moja ambalo haliuzwi. Liko kwenye makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, si mbali na kwangu. Ni Continental la 1961 lililorefushwa Cincinnati na watu wa Hess & Eisenhardt kwa ajili ya Ikulu, Ford wakilikodisha kwa dola 500 kwa mwaka. Ndilo alilokuwamo Kennedy alipopigwa risasi Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Nilidhani baada ya siku ile walilifungia. Kumbe walilitia vyuma na paa lisilofunguka, wakalipaka rangi nyeusi, likaendelea kubeba marais hadi 1977. Nilisimama pale Jumapili nzima, watu wananipita, ninaangalia pengo kati ya milango miwili ya ubavu. Limekaa sawasawa juu hadi chini. Kazi ya mikono, jamani.

Juzi la rangi ya maziwa limekamilika. Mlango wa nyuma ukiufungua, kioo chake kinashuka chenyewe kidogo kupisha turubai, ukifunga kinapanda tena. Nikamrekodia mjomba video yake, mara mbili, maana ya kwanza aliikataa akasema nimeikata. Swali likarudi usiku: "Milango yote minne ikifunguliwa pamoja, bajaji itapita?"

Asubuhi nikachukua futi, nikafungua yote, nikapima ncha hadi ncha. Karibu mita nne. Nikamwandikia.

"Basi liache hukohuko, mpwa wangu. Hapa Barabara ya 12 tungefunga mtaa, mwenyekiti aje tudhani kuna msiba."